UZI: Libermann, mtoto wa rabi aliyenyimwa daraja la upadre kwa sababu ya kifafa, shirika lake likaja kufika Bagamoyo

Mpiga Kengele Mstaafu (#1)

Habari za jioni wakuu. Huu uzi nimeuahirisha miezi mitatu, leo umeme upo na watoto wamelala basi acha niuanze, nitakuwa natupia kidogo kidogo mnivumilie.

Wengi wetu tuliosoma historia ya shule ya msingi tunaijua Bagamoyo ya mapadre, kijiji cha waliokombolewa utumwani, mnara alikolazwa maiti ya Livingstone mwaka 1874. Mapadre wenyewe tunawaita Mapadre wa Roho Mtakatifu. Ila ukimuuliza mtu nani alianzisha shirika lao anakukodolea macho. Mimi mwenyewe nimepiga kengele ya kigango miaka kumi na moja nilikuwa sijui, nilidhani ni Papa fulani tu alitoa amri.

Mtu mwenyewe ni François Libermann. Alizaliwa Aprili 1802 mji wa Saverne, Alsace, upande wa mashariki wa Ufaransa, na hakuzaliwa akiitwa François. Aliitwa Jacob, mtoto wa rabi, yaani kiongozi wa dini wa Wayahudi. Baba yake Lazare alikuwa rabi mwenye jina pale, na mpango wa nyumba ulikuwa wazi, huyu kijana ndiye atarithi kiti. Kwa hiyo toka mdogo ni Kiebrania, Talmudi (kitabu kikubwa cha sheria na mafundisho ya Kiyahudi), asubuhi hadi jioni. Baadaye akapelekwa Metz kwenye chuo cha marabi amalizie.

Huko Metz ndiko mambo yakaharibika, au yakatengenezeka, inategemea unakaa upande gani. Akaanza kujifunza Kifaransa na Kilatini kwa kujificha maana walimu wake hawakutaka mambo ya nje, akasoma vitabu vya wanafalsafa, imani ya nyumbani ikaanza kumtoka bila nyingine kuingia. Siku moja mwenzake akamletea Injili imeandikwa kwa Kiebrania amsaidie kuisoma. Akaisoma. Haikumgeuza siku hiyo ila haikumtoka kichwani. Na kaka yake mkubwa, Samson, ambaye alikuwa daktari, akawa ameshabatizwa Mkatoliki, nyumbani kilio.

Sasa hapa kuna tukio nalipenda sana. Mwaka 1826 Jacob anarudi Saverne kumuaga baba, anataka kwenda Paris. Baba ameshasikia tetesi. Hamgombezi, anafungua Talmudi tu, anamuwekea kipengele kigumu mbele, anamwambia haya eleza. Mzee anajua mtu aliyeacha masomo ya dini hawezi kujificha hapo. Na kijana kwa kweli alikuwa ameyaacha siku nyingi. Lakini akafungua mdomo akaeleza vizuri kupita alivyowahi kueleza, mzee akafurahi mpaka machozi, akampa ruhusa. Mnaona hiyo? Baba anamkumbatia mtoto siku ileile anayompoteza.

Naendelea, subirini chai.

Kamba Hafifu (#2)

Nimeweka kigoda. Twende mkuu.

Msoma Kimya (#3)

Huyu mleta mada akisema naendelea huwa anaendelea kweli, sio kama wale wa "itaendelea" halafu mwaka unaisha.

Mpiga Kengele Mstaafu (#4)

Narudi.

Paris akapokelewa na mtu anaitwa Drach, naye msomi wa Kiyahudi aliyekuwa ameshabatizwa. Akamtafutia chumba kwenye chuo cha Stanislas. Libermann amekieleza kile chumba mwenyewe baadaye: kidogo, mwanga unaingia kwa kidirisha cha juu kwenye paa tu, mlango umefungwa, mezani wamemuachia vitabu viwili vya dini vya mwandishi anaitwa Lhomond. Hajui mtu, yuko mbali na kwao, anajua akirudi nyuma kuna baba na akienda mbele hakuna kitu anachokijua. Akapiga magoti akamuomba Mungu wa baba zake amuonyeshe kama Yesu ndiye Masiha au siye. Anasema aliamka kutoka pale ameamini. Akabatizwa mkesha wa Krismasi, 24 Desemba 1826, akaitwa François Marie Paul.

Habari zilipofika Saverne inasimuliwa mzee alirarua nguo akakaa matanga, yaani mtoto amekufa.

Kichekesho kidogo hapa: nyumba mama ya Mapadre wa Roho Mtakatifu Paris iko mtaa ambao zamani uliitwa rue des Postes, na miaka kadhaa baada ya Libermann kufariki serikali ikaubadilisha jina ukawa rue Lhomond. Lhomond yuleyule wa vile vitabu viwili. Hakuna aliyepanga.

Mwaka 1827 akaingia seminari ya Saint-Sulpice. Mambo yanaenda. 1829 yuko mlangoni kupewa ushemasi mdogo, ambao kipindi kile ndiyo ilikuwa hatua ya kwanza ya daraja kubwa, na mkesha wake akaanguka kifafa.

Akaanguka tena. Na tena.

Kwa sheria ya Kanisa ya wakati ule mwenye kifafa hapewi upadre, mlango umefungwa, hakuna mjadala. Kijana wa miaka 27 ameacha baba, ameacha kabila lake, ameacha urithi wa kiti cha rabi, kaja mpaka hapa kwa ajili ya kitu kimoja na kitu chenyewe mwili wake unamnyima. Wakubwa wa seminari walimwonea huruma wakamuweka kwenye nyumba yao ya Issy, nje kidogo ya Paris, asaidie uhasibu, manunuzi, kutumwa mjini. Si mwanafunzi, si padre, si mfanyakazi hasa. Yupo tu. Wenzake wanaingia wanapewa daraja wanaondoka, yeye anawabebea mizigo.

Akamwandikia kaka yake kwamba ugonjwa wake ni hazina kwake. Ukiisoma peke yake utasema huyu mtu wa sanamu, hajui maumivu. Lakini alikuja kumwambia mtu mmoja kwamba hapiti daraja la mto Seine bila wazo la kujirusha kumjia. Anatumwa mjini, anavuka daraja, wazo linakuja, anapita. Kesho hivyohivyo.

Kiswahili hapa kimenichezea wakuu. Daraja alilonyimwa na daraja alilokuwa anaogopa kulivuka ni neno moja.

Binti Dunda (#5)

Subhanallah. Hiyo ya daraja imenikaa.

Mimi Muislamu, nimekulia Bagamoyo, utoto wetu tulikuwa tunapita ile njia ya miembe ya mission kwenda kuokota maembe, mlinzi anatukimbiza tunarudi. Kuna makaburi ya mapadre pale. Tulipokuwa wakubwa kidogo nilikuwa napenda kusoma yale maandishi, nilikuwa nafanya hesabu ya kutoa, mwaka wa kufa toa mwaka wa kuzaliwa. Ishirini na kitu. Thelathini na kitu. Nikamuuliza bibi hawa wazee mbona si wazee, akaniambia homa mwanangu, homa haijui joho. Sasa nataka kujua huyo mtu wa kifafa anafikaje mpaka huku kwetu.

Jembe la Mpini Mrefu (#6)

Mleta mada unatupamba. Mwanzilishi wa Roho Mtakatifu si Libermann, ni Claude Poullart des Places. Shirika limeanza Pentekoste ya 1703, karibu miaka mia kabla huyo Libermann hajazaliwa. Tusipotoshe watu.

Mpiga Kengele Mstaafu (#7)

Jembe umenikamata na nakushukuru, nilikuwa nakuja huko ila umeniwahi. Ngoja nimpe Poullart haki yake.

Mtoto wa matajiri wa Rennes, kazaliwa 1679, baba anataka awe mwanasheria mkubwa. Kijana kasoma sheria kweli, halafu akageuka akaenda Paris kusomea upadre, akaanza kugawana chakula chake na wanafunzi maskini waliokuwa wanalala njaa ili wasome, na kuwasaidia wale vijana wafagia dohani waliokuwa wanatoka milimani. Wanafunzi wakaongezeka, akapanga nyumba, 27 Mei 1703 wakaanza rasmi wakiwa kama kumi na wawili hivi na yeye bado hajawa hata padre. Amepewa upadre Desemba 1707, Oktoba 1709 kafariki. Miaka 30. Wakamzika kaburi la pamoja na maskini.

Shirika likaendelea, likatuma mapadre makoloni ya Ufaransa, mapinduzi yakaja 1792 wakalifunga wakauza nyumba, baadaye likafufuka lakini linachechemea. Kufika 1848 lilikuwa na jina, na nyumba, na haki za kisheria, watu hawapo. Libermann alikuwa na watu, hana jina wala haki. Wakaunganishwa. Ndiyo maana wenyewe wanawataja wote wawili, Poullart mwanzilishi, Libermann mwanzilishi wa pili. Ila kwa upande wetu wa Afrika, ukitoa Libermann hakuna hadithi, huo ndio msimamo wangu na siutoi.

Jembe la Mpini Mrefu (#8)

Hapo sawa. Endelea.

Mpiga Kengele Mstaafu (#9)

Sasa jibu la dada Binti Dunda.

Issy palikuwa na vijana wawili wanafunzi. Mmoja Le Vavasseur, mzaliwa wa kisiwa cha Réunion, familia ya mashamba ya miwa, amekua akiona watumwa wanavyoishi. Wa pili Tisserant, mama yake asili ya Haiti. Kila mmoja kivyake anasumbuliwa na jambo moja, hawa watu weusi waliobatizwa kwa jina tu mashambani, na waliotoka utumwani, nani yuko nao? Wakakutana, wakamuendea yule mtu wa kutumwa mjini, maana ndiye kila mtu alikuwa anamwendea akiwa na neno la rohoni. Hana cheo chochote na foleni mlangoni kwake.

Mwaka 1837 alichukuliwa kwenda Rennes kulea wanovisi, yaani vijana wanaoanza malezi ya utawa, wa shirika lingine, Waeudisti. Miaka miwili ya tabu, kifafa kikamuangusha mbele ya haohao anaowalea. Mwisho wa 1839 akaacha kila kitu akaenda Roma na wazo la wale vijana mkononi. Hana pesa, hana barua ya askofu, ana kifafa, ni Myahudi aliyebatizwa, na anataka kuanzisha shirika! Akapanga chumba cha darini, majirani zake njiwa. Pale darini ndiko alikoandika kanuni ya kwanza ya shirika ambalo halipo, na maelezo juu ya Injili ya Yohane. Ofisi ya uenezaji imani ikamjibu Juni 1840 kwa maneno ya kumtia moyo, lakini apate upadre kwanza. Kifafa nacho kikawa kimepungua kiasi kwamba mlango ukafunguka. 18 Septemba 1841 askofu wa Amiens akampa daraja. Siku tisa baadaye, 27 Septemba, wakafungua unovisi kijiji cha La Neuville pembeni ya Amiens. Jina, Shirika la Moyo Mtakatifu wa Maria. Nyumba nzima ilikuwa watu watatu.

Miaka kumi na miwili toka ule mkesha wa 1829.

Kamba Hafifu (#10)

Kumi na miwili?? Mimi nikisubiri majibu ya kazi wiki mbili nashalaani ukoo.

Mchele Mbichi (#11)

Samahani naingia na kiatu changu. Hizi hadithi ni tamu ila tusisahau hao ndio waliokuja kununua watoto soko la Zanzibar wakawaita wamekombolewa, halafu wakawafanyisha kazi mashamba ya mission kwa kengele. Kengele ya kuamka, kengele ya sala, kengele ya shamba. Ukombozi gani huo? Mnabadilisha mwenye shamba tu.

Mpiga Kengele Mstaafu (#12)

Mchele hujaingia na kiatu, umeingia mlango wa mbele. Na mtu mwenye jina langu hawezi kukataa habari ya kengele haha.

Kwanza tuweke miaka sawa. Libermann kafa 1852. Mapadre wa Roho Mtakatifu wamefika Zanzibar 1863, wakipokea kazi iliyoanzwa 1860 na padre Fava kutoka Réunion. Bagamoyo 1868, padre Horner ndiye kiongozi. Soko la watumwa Zanzibar limefungwa na Sultani Barghash 1873 kwa mbinyo wa Waingereza. Kwa hiyo miaka ile ya mwanzo ndiyo, walikuwa wanatoa pesa kuwachukua watoto, sikatai. Na kijiji kilikuwa na ratiba kali, shamba, adhabu, ndoa zinapangwa, na wapo waliotoroka. Mtu anayetoroka sehemu unayoiita ya uhuru amekupa jibu bila kusema neno.

Ila nataka uone kitu. Novemba 1847 Libermann aliwaandikia watu wake wa Dakar na Gabon barua ambayo mpaka leo inasomwa. Kwa maneno yangu anawaambia hivi, msiwahukumu watu kwa macho ya Ulaya, vueni Uzungu wenu, tabia zake na fikra zake, muwe weusi kwa weusi, na muwatumikie kama mtumishi anavyomtumikia bwana wake. 1847! Wakati huo Ufaransa bado ina watumwa kisheria kwenye makoloni, wamekuja kuachwa Aprili 1848. Na mwaka mmoja kabla, 1846, alipeleka Roma andiko refu akitaka Waafrika wafundishwe wawe mapadre, walimu na mafundi wa kwao wenyewe, Kanisa lisitegemee Mzungu milele.

Kwa hiyo hoja yako mimi naigeuza, kipimo cha kuwapima wale wa Bagamoyo kipo kwenye barua ya mwanzilishi wao. Uwapime nacho. Kuna mahali watafaulu na mahali watafeli vibaya.

Mchele Mbichi (#13)

Nimekuelewa lakini sijashawishika yote. Mtu anaandika "muwe weusi kwa weusi" akiwa Ufaransa, hajawahi kukanyaga Afrika hata siku moja. Rahisi kuandika.

Mpiga Kengele Mstaafu (#14)

Kweli hakuwahi kukanyaga. Lakini "rahisi" hapana, sikiliza hii.

Septemba 1843 aliwatuma mapadre saba na walei watatu, wakaondoka Bordeaux kwenda pwani ya magharibi kwa askofu mmoja anaitwa Barron aliyekuwa Cape Palmas, Liberia. Hawakujua homa, hawakujua msimu wa mvua. Ndani ya miezi michache wengi wao wakawa wamekufa. Na barua kipindi kile inakuja kwa jahazi, unapokea habari ya mtu anaumwa wakati ameshaoza kaburini. Halafu ukimya. Askofu mwenyewe akakata tamaa akaacha kazi. Huku Ufaransa wakaanza kuwasomea misa za marehemu.

Fikiria umekaa La Neuville mezani. Vijana umewalea wewe, umewatuma wewe, wewe mwenyewe umebaki kwenye baridi yako na kifafa chako. Watu wanaanza kukutazama.

Halafu ikaja barua kutoka Gabon. Padre Bessieux, waliyekuwa wameshamuombea kama maiti, yuko hai. Yeye na bruda Grégoire tu, wamebebwa na meli wakashushwa Gabon, na badala ya kuomba wachukuliwe warudi yeye anaeleza ameanza kujifunza lugha. 1847 kitabu chake cha sarufi ya Kimpongwe kikachapwa. Alikuja kuwa askofu, amefia hukohuko Gabon 1876. Mtu aliyesomewa misa ya wafu akaishi miaka mingine zaidi ya thelathini.

Na Tisserant yule wa mwanzo, mwenye mama wa Haiti, Desemba 1845 meli ilimzamia pwani ya Moroko akielekea Afrika. Hakufika.

Kwa hiyo barua ya 1847 iliandikwa na mtu aliyeshazika watu. Ndiyo maana naiheshimu. Ingawa nikubali, ukisoma barua zake nyingine utakuta maneno ya baba kwa mtoto kuhusu Waafrika, na neno analotumia kutuita leo ni tusi. Alikuwa mtu wa karne yake, na mara mojamoja akatoa kichwa nje ya karne.

Msoma Kimya (#15)

Samahani mkuu, na yule mwenye heri wa Mauritius ni wa shirika hilihili? Nilifanya kazi Port Louis miaka miwili, mwezi wa tisa usiku watu wanatembea kwa miguu kwenda kaburini kwake, Wahindu, Waislamu, Wakristo, Wachina, barabara haipitiki.

Mpiga Kengele Mstaafu (#16)

Ndiye. Jacques-Désiré Laval. Alikuwa daktari kabla ya upadre, kafika Mauritius Septemba 1841, mwezi uleule Libermann anapewa daraja. Watumwa wa pale walikuwa wametoka kuachiwa huru miaka michache tu. Akajifunza Krioli yao, akalala nyumba ya hovyo, akakaa nao mpaka anakufa 9 Septemba 1864. Papa Yohane Paulo II akamtangaza mwenyeheri, hatua ya kabla ya utakatifu, Aprili 1979, na ndiye wa kwanza kabisa kwa papa yule kumtangaza. Umebahatika kuliona hilo kaburi, mimi nimelisoma tu.

Na hapa ndipo panapochekesha, mwanafunzi kapita mwalimu. Libermann mwenyewe mchakato wake umefunguliwa 1876, mwaka 1910 Papa Pius wa 10 akathibitisha fadhila zake za kishujaa, yaani hatua ya kabla ya mwenyeheri. Amekaa hapohapo mpaka leo. Anasubiri. Kusubiri anakujua huyu.

Binti Dunda (#17)

Alikufaje?

Mpiga Kengele Mstaafu (#18)

Alikuwa mkuu wa shirika lililounganishwa toka 1848, kazi nyingi, barua nyingi, mwili umekwisha. 2 Februari 1852, sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, amelala chumbani, jumuiya iko kanisani inaimba masifu ya jioni na sauti inafika alipo. Wanasimulia alikata roho wakiwa kwenye utenzi wa Maria, pale penye amewakweza wanyonge. Sijui kama saa ziliangaliwa hivyo, watu wa nyumba za watawa wanapenda vitu vikae sawa. Lakini tarehe na masifu ni kweli. Alikuwa hajatimiza miaka 50.

Jembe la Mpini Mrefu (#19)

Na baba yake? Walipatana?

Mpiga Kengele Mstaafu (#20)

Hawakupatana. Mzee alikufa akiwa amemlilia mwanawe kama marehemu, na hilo mimi silipambi. Watu wa dini yangu wakisimulia huwa wanaliruka haraka waende kwenye ubatizo, ila mimi ni baba, siwezi kuliruka. Ule mtihani wa Talmudi, ile furaha yake, naona ndiyo kumbukumbu ya mwisho nzuri aliyobaki nayo.

Kamba Hafifu (#21)

Mkuu swali la pembeni. Umelichimba hili jambo kupita mtu wa kawaida. Mnara wa Bagamoyo tu haukufanyi ukeshe miezi mitatu. Kuna nini?

Mpiga Kengele Mstaafu (#22)

Nilijua utauliza wewe.

Nina mdogo wangu wa mwisho, ana miaka 25. Alikuwa nyumba moja ya malezi, siitaji na msinitafutie. Akaanguka kanisani mbele za watu wakati wa masifu. Mara ya kwanza wakasema uchovu. Ya pili wakamwambia aende nyumbani apumzike, na begi lake likaja na gari la mtu mwingine wiki iliyofuata, limefungwa vizuri kabisa, hata sabuni iliyobaki nusu wameiweka. Hakuna barua. Mama akalifungua lile begi sebuleni akaona sabuni akaanza kulia, mimi nikatoka nje.

Nyumbani sasa watu wanakuja na ushauri. Mmoja anasema karogwa. Mwingine anasema usimsogelee akianguka ule mate yake yanaambukiza, mtu mzima na digrii yake anasema hivyo. Dawa anakunywa, za hospitali, kila siku, na anaanguka mara chache sana siku hizi. Ila alikuwa haongei. Anafagia uwanja, anachota maji, anatumwa dukani. Yupo tu.

Siku moja paroko wetu wa zamani, mzee sana, akaniambia tafuta habari za Libermann. Basi.

Na kwa wanaojua sheria za Kanisa, ile ya 1917 ilikuwa inataja kifafa kwa jina kabisa kuwa kizuizi cha daraja. Ya 1983 imekitoa, inazungumzia maradhi ya akili na mengine ya namna hiyo ambayo wataalamu wakithibitisha mtu hawezi kazi. Kwa hiyo mlango kwenye karatasi haujafungwa. Kwenye vichwa vya watu ndiko kazi ilipo.

Mchele Mbichi (#23)

Mkuu nisamehe ule ukali wangu wa juu. Msimamo wangu wa mashamba uko palepale lakini mpe dogo salamu zangu. Na huyo wa mate mpelekeni akasome.

Binti Dunda (#24)

Mwambie akija Bagamoyo kuna dada yake huku atampikia. Nitampeleka makaburini nimuonyeshe hesabu yangu ya kutoa.

Msoma Kimya (#25)

Ameshajua hii habari ya Libermann mwenyewe?

Mpiga Kengele Mstaafu (#26)

Nimemprintia wiki iliyopita kurasa kama kumi hivi, nikamwachia mezani sikusema kitu. Siku mbili hakugusa. Ya tatu nikakuta zimetoka mezani. Jana usiku tunakula akaniuliza, akiangalia sahani, "huyo jamaa alipopewa daraja alikuwa na miaka mingapi?" Nikamwambia 39. Akahesabu kwa vidole chini ya meza anafikiri simuoni, halafu akasema basi mimi bado kumi na minne, akaomba aongezewe maharage.

Dada Binti Dunda tutakuja mwezi wa nane shule zikifungwa, nitakuandikia pembeni.